Hatua Kumi Nyuma

Misimu miwili mizima Tofali aliwabebea wenzake wa timu ya kriketi maji ya kunywa. Mapumziko yakifika aliingia uwanjani na chupa mikononi, akawagawia wachezaji, akazikusanya tupu, akarudi kukaa benchi. Chupa ya mwisho siku zote ilikuwa ya Bi Harusi, mlinda wiketi wa timu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya muda aliotumia kuvaa. Wenzake kumi wameshatoka, mwamuzi ameangalia saa mara mbili, yeye bado anafunga mikanda ya kinga za miguu kama mtu anayesubiri kuimbiwa.

Tuseme ukweli, Bi Harusi hakuwa mchezaji mbaya. Akishika gongo, mpira uliruka hadi nje ya uwanja na watoto wakaukimbilia barabarani. Lakini kazi ya mlinda wiketi ni kuchuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu na kudaka kila mpira unaompita mpigaji, na kwenye kazi hiyo mikono yake ilikuwa ya mbao. Mpira ulimgonga, ukaanguka, akauokota. Kila mtu aliliona hilo. Hata Kocha aliliona, ila Kocha alikuwa na msimamo wake, na kwenye msimamo huo hakuwa mtu wa kuambilika.

"Mlinda wiketi kwanza awe mpigaji," alisema kila mazoezi. "Kudaka ni jambo la kujifunza." Halafu alimgeukia Tofali kwa sauti ya huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Wewe ni mzuri, mwanangu, lakini..."

Tofali hakuwahi kuusikia mwisho wa sentensi ile. Ikifika kwenye "lakini" damu ilimchemka mpaka masikioni, naye alikwenda kuzijaza chupa.

Binti huyu mikono yake aliipata kazini, na jina lake pia. Tangu amalize shule alifanya kazi na mjomba wake, mwashi, na yeye ndiye aliyesimama juu ya jukwaa la miti kupokea matofali. Mjomba alirusha kutoka chini, moja baada ya jingine, yeye akapokea na kuyapanga kando ya ukuta. Wageni wa kazi hiyo hulikamata tofali kwa nguvu, likawachuna viganja, na kabla ya saa nne wanaomba wahamishiwe kwenye saruji. Tofali hakukamata. Aliliacha lije, mikono ikarudi nalo taratibu mpaka kifuani, likatua kama mtoto anayelazwa. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Mjomba hakumruhusu mtu kuivunja: aliye chini harushi mpaka aliye juu aseme "lete". Ukishasema lete, tofali ni lako hata kabla halijafika. Likianguka, usimtazame mtu mwingine usoni.

"Hivi mama," Mjomba alimuuliza siku moja, amejifunga kilemba cha mfuko wa saruji kuzuia jua, "huo mpira wenu, ukishaudaka unapewa nini?"

"Napewa mwingine, mjomba."

Mjomba alicheka mpaka akaliweka chini tofali alilolishika. "Basi huko hujaenda mbali na kwetu," akasema.

Halafu Jumatano moja mlango wa duka la dawa, alikofanya kazi Bi Harusi, ulimbana kidole. Hakikuvunjika, kilivimba tu kikawa kama mhogo, na daktari akasema kipumzike wiki moja. Jioni hiyo Kocha alimwita Tofali pembeni, karibu na ghala la vifaa.

"Mechi moja," akasema. "Jumamosi hii. Inayofuata, kidole cha mwenzako kitakuwa kimepona. Ukinifurahisha, tutazungumza. Usiponifurahisha, ndiyo basi tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

"Nahodha anaporusha, utasimama hatua kumi nyuma ya vijiti. Hatua kumi, nitazihesabu mwenyewe. Na sitaki mpira hata mmoja ukupite. Niahidi."

Nahodha alikuwa Muuguzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyefika mazoezini akitoka wodini, macho mekundu, na bado akarusha kuliko wote. Hakuwa na kasi ya kutisha. Balaa lake ni kwamba mpira wake ulipinda angani mpigaji akiwa ameshaamua atapiga wapi. Tofali alijua kwamba mpira wa namna ile unamtaka mlinda wiketi awe karibu, pua juu ya vijiti, ili mpigaji asithubutu kutoka kwenye mstari wake. Akitoka na kuukosa mpira, mlinda wiketi anavunja vijiti naye safari yake imeishia hapo. Kocha naye alilijua hilo. Enzi zake alikuwa mlinda wiketi wa kusimama karibu, na pengo la meno mawili ya mbele ndilo alilotoka nalo. Hapo ndipo zilipozaliwa zile hatua kumi.

"Nakuahidi," Tofali akasema. Alipofika nyumbani alijichukia kwa kulisema neno hilo upesi hivyo, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Jumamosi timu yao ilianza kupiga. Walipata mikimbio mia moja thelathini na moja, ambayo si haba wala si ya kujivunia. Tofali aliingia wa mwisho, akapata mikimbio minne, kisha vijiti vyake vikalala. Alipotoka alimwona Kocha akiandika kitu kwenye daftari lake. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Bi Harusi alikuwa ameketi kando yake, kidole kimefungwa bendeji nyeupe, anakula karanga kwa mkono mwingine. Alikuwa ametulia, na ungekuwa wewe ungetulia pia.

Timu ngeni ikaja kupiga. Tofali alihesabiwa hatua zake kumi, akachuchumaa huko nyuma, na kwa saa nzima na ushee akafanya alichoahidi. Alidaka kila kitu. Hakupitwa na chochote. Wachezaji wa timu ngeni wakatoka mmoja mmoja, lakini walikuwa wakipata mikimbio yao pia, mpaka ikabaki ishirini na miwili washinde, na wapigaji watatu tu. Mmoja wa hao watatu alikuwa yule waliyemwita Mpishi.

Mpishi alipika kwenye bweni la wanafunzi mia sita na mabega yake yalijieleza yenyewe. Hakuwa na haraka. Muuguzi alipoanza kukimbia kurusha, Mpishi alitoka kwenye mstari wake hatua moja, kisha ya pili, akaukuta mpira kabla haujapata nafasi ya kupinda, akauzima. Mpira uliofuata akafanya vilevile. Alitembea kama mtu anayekwenda kufungua jiko lake mwenyewe. Kwa nini aogope? Mtu pekee aliyeweza kumwadhibu alikuwa hatua kumi nyuma, ameahidi.

Hapo Tofali aliona kwamba mechi inakwenda, na nafasi yake inaondoka nayo. Akimtii Kocha mpaka mwisho atasifiwa kwa utiifu na atarudi kwenye chupa. Alinyanyuka akamkimbilia Muuguzi katikati ya uwanja.

"Dada, nakuja karibu."

"Kocha amesema hatua kumi."

"Kocha yuko kwenye kiti. Huyu mama anatembea kila mpira, humwoni?"

Muuguzi alipangusa mpira kwenye suruali yake. "Namwona. Ila ukipitwa, Kocha atatutafuna wote wawili."

"Anitafune mimi."

Muuguzi alirudi kwenye alama yake, naye Tofali akaenda akachuchumaa nyuma kabisa ya vijiti, karibu kiasi cha kusikia Mpishi anavyopumua. Kutoka pembeni sauti ya Kocha ikapaa: "We! We, rudi nyuma!" Tofali akajitia hamnazo.

Muuguzi akaanza kukimbia. Na hapo, bila kupanga, bila hata kujua kwamba mdomo umefunguka, Tofali akapaza sauti kama aliyeko juu ya jukwaa: "Lete!"

Mpira ukaja, ukapinda, ukampita Mpishi, ukatua kwenye glavu zake kwa sauti safi. Mpishi aligeuka kama aliyemwagiwa maji.

"Mwamuzi! Huyu mtoto ananipigia kelele sikioni! Lete nini? Ana duka hapa?"

Mwamuzi alikuja akitikisa kichwa. "Binti, mrushaji akishaanza kukimbia, kimya. Ukirudia nawapa wapinzani wenu hawa mikimbio mitano ya bure. Sawa?"

"Samahani, mwamuzi. Ni mazoea ya kazini."

"Kazi gani hiyo?" mwamuzi akauliza, lakini hakungoja jibu.

Basi mpira uliofuata ukaja kimyakimya, na Tofali akagundua jambo baya. Bila neno lile mikono yake haikujua muda. Ilifunguka mapema, ikafunga mapema, na mpira ukapita katikati ya glavu na kinga za miguu, ukabingirika mpaka nje ya uwanja. Mikimbio minne ya bure. Timu ngeni ikapiga makofi. Kocha alikuwa amesimama, daftari limeanguka, na maneno aliyoyatoa siwezi kuyaandika yote.

Uliofuata ulimgonga chini ya shingo, pale kwenye mfupa. Aliona nyota za mchana. Mpira ulianguka miguuni pake ukalala hapo, na Mpishi akamwangalia kwa upole wa kinafiki.

"Mwanangu, si urudi tu nyuma? Mzee wako anakuita."

"Si mzee wangu," Tofali akasema, macho yamejaa machozi ya maumivu, na akajikaza kisabuni. "Na wewe mbona umebaki ndani?"

Ilikuwa kweli. Miguu yote miwili ya Mpishi ilikuwa ndani ya mstari. Hakutoka mpira ule, na wa mwisho wa zamu ile ya mipira sita hakutoka pia, ingawa aliupiga kwa hasira na kupata mikimbio minne. Tofali alivuta pumzi. Alikuwa ameigharimu timu mikimbio minne na mfupa unawaka moto, lakini mwanamke yule hatembei tena.

Mrushaji mwingine akapewa mpira upande wa pili, na wapigaji wakapata saba. Ikabaki saba washinde. Mpira ukarudi mkononi mwa Muuguzi, Mpishi akiwa tayari kupiga. Kabla ya kwenda kwenye alama yake, Muuguzi alimfuata Tofali. Kule pembeni Kocha alikuwa akionyesha kwa mikono yote miwili, nyuma, nyuma, kama anayeelekeza lori.

"Saba," Muuguzi akasema kwa sauti ya chini. "Ukipitwa mara mbili tumekwisha. Una hakika?"

Tofali alitaka kusema ana hakika, lakini hakuwa nayo. Alikuwa akifikiria mashine ya kuchanganya zege. Ikiwashwa ile mashine, pale kazini mtu hasikii hata jina lake, na "lete" inakuwa kazi bure. Mjomba haachi kurusha kwa sababu hiyo. Anatazama juu tu, akiona viganja vimefunguka, anarusha.

"Dada, kabla hujaanza kukimbia nitazame mikono," akasema. "Nikizifungua glavu, njoo. Nisipozifungua, usije."

Muuguzi alimtazama kidogo. "Ndivyo tunavyopeana vifaa kwenye upasuaji," akasema, akaondoka.

Akasimama kwenye alama yake. Kocha anaita, watu wanaita, Mpishi anagonga gongo chini, naye amesimama tu na mpira, macho kwenye glavu. Tofali alichuchumaa. Akajiambia moyoni kwamba huu ni wake, ukianguka ni wake, na hatamtazama mtu usoni. Akafungua mikono. Muuguzi akaja.

Wa kwanza ulimpita Mpishi, ukatua. Wa pili vilevile. Mikono ya Tofali ilikuwa imerudi nyumbani, ilikuwa ikiuacha mpira uje. Mpishi alitema mate pembeni. Mtu aliyezoea kufanya atakavyo jikoni kwake hawezi kusimama sehemu moja muda mrefu, na huyu alikuwa amesimama mipira minne. Wa tatu ulipoachiwa hewani aliruka nje ya mstari hatua mbili kubwa, gongo juu, kwa nia ya kuutuma mpira mtaa wa pili.

Ukapinda. Gongo likapiga upepo, na upepo wenyewe Tofali aliuhisi usoni. Hakuufuata mpira kwa pupa. Aliungoja mpaka upite vijiti, ukaingia kwenye glavu, mikono ikarudi nao kidogo, kisha ikatoka kwa mkupuo mmoja na kuvisambaratisha vijiti, na vipande viwili vidogo vya mti vilivyolala juu yake vikarukia mgongo wa Mpishi aliyekuwa bado anageuka. Tofali alipiga ukelele ambao haukuwa swali kwa mwamuzi, maana jibu alishalijua. Mwamuzi wa pembeni akainua kidole.

Mpishi aliutazama mstari, akaitazama miguu yake iliyokuwa mbali nao, akaondoka akicheka peke yake kwa uchungu.

Aliyeingia mwisho alipata mikimbio mitatu ya kubahatisha, kisha Muuguzi akaviangusha vijiti vya mpigaji mwenza wa huyo. Wakawa wameshinda kwa mikimbio mitatu. Wachezaji walimrukia Muuguzi, wakamrukia Tofali, mpaka akawaomba wamwonee huruma mfupa wake.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Kocha alisubiri kelele zipungue. Aliketi kwenye benchi la mbao, daftari gotini.

"Tumeshinda kwa mitatu," akasema. "Tungeshinda kwa saba. Mikimbio minne ya bure, na mtu aliyenitazama machoni akaniahidi." Akafungua daftari. "Nina majina kumi ya Jumamosi ijayo, Bi Harusi yumo, maana anapiga na kidole kitapona. Sasa swali ni nani anayevaa glavu. Tofali, umedaka vizuri, sikatai. Niahidi hapa mbele ya wenzako kwamba utasimama ninapokuambia, na kwamba mpira hautakupita. Naandika jina lako sasa hivi."

Hii ndiyo ilikuwa ile nafasi yenyewe. Alilala nayo na kuamka nayo misimu miwili, na sasa ilikuwa kwenye ncha ya kalamu, bei yake neno moja tu ambalo alishalisema mara moja. Aliogopa kuliko alivyouogopa mpira.

"Siahidi, Kocha."

"Unasemaje?"

"Siahidi. Nikisimama karibu kuna mpira utanipita. Kuna mwingine utanigonga, tena pabaya. Jumatano nilikuahidi kwa sababu niliogopa kukosa mechi, na leo nimeivunja ahadi. Sitaki kukudanganya mara ya pili. Kama unamtaka mtu wa kuahidi, andika mwingine." Akaziweka glavu kwenye benchi, kando ya Kocha. "Lakini usiniambie tena mimi ni mzuri, lakini. Sema sikutaki, niende."

Kocha alimgeukia Muuguzi, aliyekuwa akivua viatu kana kwamba yuko peke yake.

"Wewe ndiye unayerusha. Unataka asimame wapi?"

"Muulize mwenyewe," Muuguzi akasema bila kuinua kichwa. "Anayegongwa ni yeye, si mimi wala wewe."

Kocha alipitisha ulimi kwenye lile pengo la mbele. Kisha akamwangalia Tofali, na safari hii hakukuwa na huruma kwenye macho yake hata chembe.

"Haya. Utasimama wapi?"

"Sijui bado. Nitamwangalia kwanza mpigaji anasimama wapi."

Kocha aliguna. Akainama, akaandika, kalamu ikikwaruza karatasi chumba kizima kikisikia. Bi Harusi alinyoosha shingo akalisoma lile jina la kumi na moja. Uso ukamvimba kushinda kidole.

"Nitapiga, hilo sawa," akasema. "Ila mjue, kidole hiki kikipona nitaitaka nafasi yangu ya glavu."

"Itake tu, dada," Tofali akasema. "Mimi niliitaka misimu miwili."